Nilimfukuza Mama Mkwe kwa Sababu ya Vyungu Viwili vya Mlangoni

Nimesimama nyuma ya pazia la sebule. Pumzi nimeibana. Simu nimeishika kwa mikono miwili isitikisike...

Ndiyo kwanza kunapambazuka. Nje, mlangoni pangu, kuna mtu ameinama.

Mkononi ana dumu jeupe. Macho yakanitoka pima. Lile dumu la dawa ya kusafishia choo!

Anamimina. Taratibuuu... Chungu cha kulia kwanza, halafu cha kushoto. Akimaliza anatazama huku na huku, anajifuta mikono kwenye gauni, anageuka.

Mwanga ukampiga usoni.

Mama mkwe wangu!

Mama mzazi wa mume wangu! Mwanamke ninayempikia, ninayemfulia, ninayemwandalia maji ya kuoga, ndiye huyo anayaua maua yangu kwa sumu, tena kabla hata jogoo hawajamaliza kuwika!

"Leo nimekukamata," nikasema kimoyomoyo.

Video ilikuwa ya dakika moja na sekunde arobaini.

Ndugu zangu, mimi ndiye yule dada wa maua mnayemfuata humu. Leo sina mche wa kuwauzia. Leo nawasimulia jinsi nilivyomtoa mama wa watu nyumbani mwa mwanawe kwa sababu ya vyungu viwili, na kwa nini mpaka sasa sijui msamaha wangu niuombe kwa nani. Lakini someni mpaka mwisho kabla hamjaanza kunitetea. Nawajua ninyi!

Haya.

Mimi nauza maua ya kwenye vyungu. Hasa vile vyungu vya kuweka pembeni ya mlango wa mbele, kimoja huku, kimoja kule, mgeni akija akaribishwe na kitu kizuri kabla hajagonga.

Duka sina. Duka langu ni mlango wangu. Mtu anapita barabarani, anaona vyungu vyangu, anasimama, anauliza. Ndivyo nilivyopata wateja wote.

Na kazi hii ina siri moja, wala sioni uchoyo kuwaambia. Maua ya mlangoni yanabadilishwa kwa majira. Ukilazimisha ua la mvua likae kiangazi, utalizika!

Mvua zikianza, mimi naweka begonia na kangaga, vitu vinavyopenda unyevu. Mvua zikikatika navitoa, navipeleka kivulini nyuma ya nyumba, naweka vya jua. Mlango wetu unatazama magharibi. Kuanzia saa nane mchana jua linaupiga mpaka kitasa hakishikiki. Kwa hiyo kiangazi katikati ya chungu nasimamisha waridi la jangwani, pembeni naweka mshubiri, ukingoni naachia vile viua vidogo vya kutambaa vinavyofunguka jua likiwa kali.

Hivyo vyote havitaki maji. Kikombe kimoja kwa wiki, basi. Ukivinywesha sana vinaoza.

Sasa, mwaka jana mvua zilipokatika tu, mume wangu akaja na habari.

"Mke wangu, namleta mama akae nasi."

"Kuna nini?"

"Amechoka kukaa peke yake."

Hilo tu! Hakuongeza neno. Nikasema karibu, chumba kipo. Mume wangu ni fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, nimeshamzoea.

Mama akaja. Mpole, msafi, mikono haitulii. Ukigeuka amefagia uwanja. Ukigeuka tena anaufagia uleule.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililokuwa linanichoma...

Mimi na mume wangu tuna miaka minne kwenye ndoa. Hatujajaliwa mtoto. Nimepimwa, amepimwa, tumeambiwa tusubiri. Tunasubiri.

Na mama mkwe wangu, kila asubuhi, nasema kila asubuhi jamani, alikuwa akinikuta jikoni ananisalimia hivi:

"Hujambo mwanangu? Watoto wameamka?"

Mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya.

Mara ya pili nikanyamaza.

Mara ya kumi nilienda bafuni nikafungua bomba ili nilie bila kusikika.

Nilimwambia mume wangu. "Mama yako ananipiga vijembe."

"Ni mzee tu. Mpuuze."

"Anaulizia watoto, na anajua sina!"

"Mke wangu... mpuuze tu."

Akatoka. Hakunitazama usoni, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Basi, wiki ya tatu tangu aje, vyungu vyangu vikaanza kufa.

Nilibonyeza shina la waridi la jangwani, kidole kikazama! Laini, linanuka uozo. Mshubiri umekuwa manjano. Vile viua vya ukingoni vimelala.

Mtu yeyote wa maua akiona shina laini anajua hayo ni maji mengi. Lakini maji gani? Mvua hakuna. Mimi namwagilia Jumamosi tu, tena kikombe.

Halafu juu ya udongo kulikuwa na utando mweupe. Nikauchukua kwa kidole, nikaugusa kwenye ncha ya ulimi.

Chumvi!

Nikapanda upya. Vikafa. Nikapanda tena. Vikafa tena!

Na wiki vilipokufa mara hiyo ya tatu ndipo alipokuja meneja wa nyumba ya wageni iliyopo barabara ya juu. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwekea vyungu kwenye lango la mbele na kumbadilishia kila majira. Kazi ambayo nimeiota miaka! Akasimama mlangoni pangu, akaviangalia vile vyungu, akaniangalia mimi.

"Dada, hivi ndivyo vyako?"

"Ndiyo, lakini kuna..."

"Sawa. Nitapita siku nyingine."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Jirani yangu alikuwa ameegemea ukuta wake anasikiliza. Huyu jirani sisi tunamwita Redio, na yeye mwenyewe anajua. Jambo likitokea asubuhi, saa sita mtaa mzima unalo.

"Shoga, mimi sipendi kuingilia ya watu," akasema, huku ameshaingilia. "Lakini vyungu vilianza kufa lini?"

"Wiki tatu."

"Na mgeni wako alikuja lini?"

Nikaanza kuhesabu wiki kwa vidole.

"Mama gani anamuuliza mkwe asiye na mtoto eti watoto wameamka? Huyo hakutaki. Hataki uonekane mkono wako unaotesha kitu chochote! Sikia, mumeo hatakuamini bila ushahidi. Amka mapema. Rekodi."

Nami nikaamka mapema. Nikarekodi. Mengine mmeshayaona pale juu.

Sikungoja jua lichomoze vizuri. Nilimwita mume wangu sebuleni kabla hajaenda kazini. Redio naye, sijui alinusaje, alikuwa ameshasimama kizingitini, eti amekuja kuomba kiberiti.

Mama alikuwa kwenye kochi, amekunywa nusu ya chai yake.

"Mama, nani anagusa vyungu vyangu?"

"Vyungu gani, mwanangu?"

"Vya mlangoni!"

"Mimi sijafika mlangoni leo."

"Hujafika?"

"Sijafika. Nimeamka nimekaa hapa."

Weee! Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa yanavuma. Uongo mchana kweupe! Nikaichomoa simu, nikamwekea video mbele ya macho.

Akaitazama. Akaisogelea. Akaitazama tena kwa makini, uso umekunjuka, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mgeni. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa:

"Huyu mama ni nani?"

Redio alipiga kofi. "Makubwa!"

"Unanifanyia maigizo?" nilipiga kelele. "Mama, unanifanyia maigizo ndani ya nyumba yangu? Huyu ni wewe! Na hili ni dumu la sumu! Umeniulia maua, umeniharibia kazi, kila siku unaniulizia watoto ambao unajua sina! Nimekukosea nini mimi?"

Mama akaanza kutetemeka. Chai ikamwagika kwenye gauni. Akamtazama mwanawe.

"Baba, huyu dada analia nini?"

Mume wangu alikuwa amesimama, kichwa ameinamisha. Akafungua mdomo. Akamtazama Redio pale mlangoni. Akaufunga.

"Sema kitu!" nikamwambia.

"Mke wangu, yaishe."

"Hayaishi! Leo hii uchague. Yeye au mimi!"

Akazidi kutazama sakafu.

"Sikia, nimekwambia yeye au mimi!"

Mume wangu aliingia chumbani, akatoka na begi la mama.

Hivyo tu. Hakugombana, hakunieleza. Nami nikaona kimya chake ni kukiri kwamba mama yake ana makosa.

Walipofika mlangoni mama akasimama.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa dada, mama."

"Tutarudi saa ngapi? Asubuhi nina kazi."

Kazi! Nikacheka kwa uchungu. Kazi ya kunimalizia maua, si ndiyo? Nikageuza uso, sikumuaga.

Siku hiyohiyo nilimwaga ule udongo wote. Nikaosha vyungu, nikachanganya udongo mpya na mchanga, nikapanda kwa mara ya nne.

Na vikastawi!

Vikastawi jamani, ndani ya wiki mbili waridi la jangwani limetoa maua mekundu sita. Ningetaka ushahidi gani mwingine? Mama hayupo, maua yanachanua. Meneja alipita, akasimama, akatabasamu, akanipa kazi ya lango lake.

Mnakumbuka ile picha niliyoweka humu? Mlango wangu, vyungu viwili vinawaka rangi, na maneno "Ukiondoa kinachokuua, unachanua." Mliipenda mia tisa na kitu. Mlinijazia mioyo na makofi. Mmoja wenu akaandika, "Dada umetisha." Nami nilikaa kitandani nasoma maoni yenu mojamoja, nikicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mume wangu alikuwa amelala upande wa pili, ameelekea ukutani.

Siku chache baadaye, mchana, mlango ukagongwa.

Wifi yangu. Dada yake mume wangu, fundi cherehani, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Alikuwa ametoka kazini mbiombio.

"Wifi, sikai. Nimefuata karatasi za mama."

"Karatasi gani?"

"Za kliniki. Kaka amesema ziko kabatini kwenye bahasha ya kaki. Juzi nilimpeleka kwa daktari, amezitaka, keshokutwa tunarudi."

"Daktari wa nini?"

Wifi akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza.

"Wa kumbukumbu, wifi... Si unajua?"

"Najua nini?"

"Kaka hakukuambia?"

Nikakaa kwenye mkono wa kochi.

"Mama anapoteza kumbukumbu," wifi akasema polepole. "Huu mwaka wa pili. Ndiyo maana tulimtoa kule alikokuwa anakaa, alisahau jiko linawaka. Kuna siku yuko sawa, kuna siku anadhani sisi bado wadogo, anaamka anatuulizia tumeamka twende shule."

Watoto wameamka...

Watoto wameamka?

Jamani! Hakuwa ananiulizia wangu. Alikuwa anaulizia wake!

"Na maua?" nikauliza. "Wifi, maua yangu alikuwa anayamwagia nini?"

Wifi akavuta pumzi. Nikaona anajizuia asinitukane.

"Nikwambie anachokifanya kwangu? Kwangu hakuna ua hata moja. Ni varanda ya saruji. Anaamka alfajiri, anatafuta dumu. Nimempa. Anamwagilia saruji. Namuuliza, mama unafanya nini? Anasema, namsaidia mke wa mwanangu, ana maua yake. Jua ni kali, nayamwagilia kabla hajaamka ili asikute yamekauka akalia. Akimaliza anasahau. Baada ya nusu saa anaanza upya. Mara saba, mara nane kwa asubuhi moja."

Sikumbuki wifi aliondoka vipi, ile bahasha hata hakuichukua.

Nakumbuka nilitoka uani. Dumu jeupe lilikuwa pale pembeni ya kisima, alipokuwa akiliacha. Sikuwahi hata kuligusa tangu aondoke. Nikafungua kifuniko, nikanusa. Hakuna harufu ya dawa yoyote. Dawa iliisha zamani, nililitupa mwenyewe, yeye akaliokota akalisuuza. Chini kulikuwa na maji kidogo. Nikaonja.

Yana chumvi.

Maji ya kisima chetu yana chumvi, ndugu zangu! Kila mtu humu ndani anajua, tunafulia na kudekia tu. Maji matamu tunayahifadhi kwenye pipa jikoni. Yule mama hata katika kusahau kwake hakutaka kunimalizia maji ya jikoni. Alikuwa anakwenda kisimani, anavuta, anarudi, anakwenda tena. Jua lilikuwa likiyakausha yale maji na chumvi inabaki juu ya udongo.

Nilikaa chini palepale kwenye matope, nikalia mpaka Redio akachungulia ukutani.

"Shoga, kuna nini?"

"Ondoka ukutani kwangu."

"Mimi nimeuliza tu..."

"ONDOKA!"

Lakini Redio nitamlaumu nini? Yeye alisema tu. Aliyesimama nyuma ya pazia ni mimi. Dakika moja na sekunde arobaini nilikuwa nazo, na kati yetu kulikuwa na mlango mmoja. Ningeufungua nikauliza, "Mama, unafanya nini hapo?" Angenijibu. Asubuhi ile pale kwenye vyungu huenda bado alikuwa anajua. Mimi nilikuwa nahangaika picha isitikisike.

Mume wangu aliporudi jioni nilikuwa sebuleni, bahasha ya kaki iko mapajani.

Aliiona. Akaweka begi lake la vifaa chini.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla hatujamleta."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utamkataa."

"Mimi? Nimkatae?"

Akanitazama. Na kweli, angesema nini? Si nilimkataa?

"Siku ile sasa," nikasema. "Nilipokuwa nampigia kelele. Neno moja tu, mume wangu. Mama anaumwa. Ungesema neno moja ningenyamaza!"

"Jirani alikuwa pale mlangoni. Niliona haya. Sikutaka mtaa mzima ujue mama yangu amekuwa... amekuwa hivyo."

"Ukaona heri mtaa ujue mama yako ni mwongo na mwenye roho mbaya?"

Alikaa chini, akafunika uso kwa mikono. Miaka minne sijawahi kumwona akilia. Alilia siku ile, na mimi sikuwa na nguvu za kumbembeleza. Wote wawili tulikuwa na makosa, kila mmoja amekaa na lake.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa wifi na ile bahasha. Nilikuwa nimejipanga. Nitapiga magoti, nitamshika miguu, nitamwambia, mama, turudi nyumbani, umwagilie unavyotaka, hata uyaoze yote!

Nilimkuta kwenye ile varanda ya saruji. Amekonda. Saruji imelowa, miguu yake imelowa.

Nikapiga magoti kwenye maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Inuka, utalowa."

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Nimekukosea sana. Nilikutukana. Nilikufukuza."

Aliniangalia kwa huruma, akaniwekea mkono kichwani.

"Wewe hujanikosea kitu, mwanangu. Ndiyo kwanza nakuona."

"Mama, ni mimi. Mkweo. Mke wa mwanao, fundi wa majokofu..."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo.

"Hapana. Mke wa mwanangu namjua. Yeye halii ovyo. Ana kazi yake ya maua, binti hodari sana."

Nilimgeukia wifi aliyekuwa amesimama mlangoni. "Naomba nirudi naye nyumbani. Naomba, wifi. Leo hii!"

"Hapana."

"Nitamtunza..."

"Najua utamtunza. Lakini daktari amesema tangu ahamishwe ghafla amerudi nyuma sana. Siku ya kwanza hapa alinitafuta usiku kucha, na mimi niko mbele yake. Mama si meza, wifi, mkaihamishe huku mkairudishe kule. Ametulia sasa. Mwacheni."

Nikainuka, nguo zimelowa.

Niliomba jambo moja tu. Nikamwambia wifi, basi niruhusu niweke vyungu viwili mlangoni pako. Akafikiri, akakubali.

Nilikaa siku nzima nachagua. Mimi niliyewafundisha ninyi kiangazi muweke vya jua, visivyotaka maji, nilivunja kanuni yangu yote. Nilikwenda bondeni kwenye tope nikachimba mafunjo. Nikachukua magimbi yenye majani mapana. Mimea ya kukaa majini, hata umwagilie mara ishirini haiozi. Nikaziba matundu ya chini ya vyungu. Kiangazi kikali, mlango wa fundi cherehani una mafunjo ya kijani na magimbi yanayong'aa, na wapita njia wanashangaa nani kachagua vitu vya mvua wakati huu. Nimechagua mimi. Sikutazama mbingu, nimemtazama anayemwagilia.

Yanastawi. Mama anafurahi. Anamwagilia, anasahau, anamwagilia.

Sasa nanyi mnaosoma. Msije kwenye maoni mkaniandikia "pole dada." Pole hiyo si yangu. Ile picha ya mlango wangu nimeifuta, na kama uliipenda, hukuwa na kosa, ulidanganywa na mimi. Nachotaka mkiondoka hapa muondoke na hili: ukimkuta mtu wa nyumbani kwako anafanya jambo usilolielewa, weka simu chini, fungua mlango, muulize. Muulize yeye, usimuulize jirani. Na wewe uliyeoa au kuolewa, unayemficha mwenzako ugonjwa wa mzazi wako kwa sababu ya aibu, mwambie leo. Humlindi mzee wako hivyo. Unamwacha apigwe mawe na mtu ambaye angempenda.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kama kawaida. Mama ananifahamu kama "yule dada wa vyungu." Jina langu linampotea, lakini amezoea uso, ananipa kigoda nikae. Alikuwa anamwagilia magimbi, mimi natoa majani makavu.

Akaniuliza:

"Wewe, dada, una mama?"

"Ninaye."

"Anakaa kwako?"

"Hapana. Anakaa kwa wifi yangu."

Akaacha kumimina.

"Mtu una nyumba yako, mama anakaa kwa wifi? Kwa nini?"

Ningeweza kudanganya. Asingejua.

"Nilimfukuza, mama. Nilidhani ananiharibia kazi. Kumbe alikuwa ananisaidia."

Akaweka maji chini, akanishika mkono kwa mkono wake uliolowa.

"Umeshamwomba radhi?"

Machozi yalinishinda, nikatikisa kichwa tu.

"Nenda leo, mwanangu. Usingoje kesho. Sisi wazee tunasahau, usije ukamkuta hakujui."

"Nitakwenda, mama," nikamwambia.